Kati ya Orijino na Feki: Uhakiki wa Spea za Majiko Rubavu

Kwenye meza za spea mjini Gisenyi, kuanzia sokoni hadi Mbugangari karibu na mpaka mdogo wa Goma, kila kifaa huwekwa katika daraja moja kati ya mawili: ni orijino au ni feki. Mnunuzi huuliza, "Hii ni orijino?" Muuzaji hujibu, "Orijino kabisa," au akiwa mkweli, "Hii ni feki, lakini inafanya kazi." Wanaozungumza Kinyarwanda huweka neno umwimerere mahali pa orijino, na mazungumzo yanabaki yale yale. Bei hupangwa kwa maneno hayo mawili, na jiko linapozima au kuvuja, lawama nazo hupangwa kwa maneno hayo hayo.

Insha hii inahakiki spea za majiko madogo, na pamoja nazo inahakiki msamiati tunaoutumia kuzipima. Hoja yangu ni kwamba ubora wa spea hizi unaporomoka mahali ambapo msamiati wetu hauoni. Kati ya orijino na feki kuna spea ya tatu: ile ambayo hakuna aliyeipima na hakuna anayeijibia. Hiyo tunaiuza, tunainunua na kuifunga juu ya mtungi wa gesi bila kuwa na jina la kuiita.

Kwa majiko madogo nina maana ya aina tatu. Kuna jiko la pampu la mafuta ya taa. Kuna jiko la gesi la bana moja linalofungwa juu ya mtungi mdogo, kama ule wa kilo 6. Na kuna jiko la kambi ambalo watalii hubeba mgongoni. Hili la tatu si geni kwetu, maana Rubavu ndiko inakoanzia njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu hadi Rusizi, na wanaopanda Karisimbi yenye mita 4,507 hulala mlimani. Jiko la mtalii na jiko la mwanafunzi aliyepanga chumba ni ndugu. Yote mawili yana chombo chenye mgandamizo, vali, tundu dogo la kutolea gesi, na pete moja au mbili za mpira za kuzuia kuvuja. Tofauti ni kwamba mtalii huondoka na jiko lake, na mwanafunzi hubaki na lake mpaka liishe.

Ni kweli kwamba kaya nyingi za Rwanda bado hupikia kuni au mbabula ya makaa. Lakini ukanda mzima unaelekezwa kwenye gesi. Tanzania ilizindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ikilenga asilimia 80 ya watu ifikapo 2034. Kila mtungi mpya unaoingia jikoni unaingia na pete ya mpira ambayo siku moja itahitaji kubadilishwa. Katika hotuba na taarifa tunahesabu mitungi, pete hatuzihesabu.

Tuanze na tundu la kutolea gesi. Tundu lenye kipenyo cha milimita 0.50 likitobolewa vibaya likawa na milimita 0.55, jicho halioni tofauti. Lakini kiasi cha gesi hufuata eneo la tundu, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Kosa la asilimia 10 kwenye kipenyo ni ongezeko la asilimia 21 la eneo. Likifika milimita 0.60, ongezeko ni asilimia 44. Hewa inayovutwa na jiko haiongezeki kwa kadiri ile ile. Matokeo yake moto unakuwa wa njano, sufuria inashika masizi, na katika chumba kilichofungwa inazalishwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu usingizini. Mpishi atasema gesi ya siku hizi imeharibika, na pengine atabadilisha duka la gesi. Kosa linabaki pale pale kwenye tundu.

Tuje kwenye pete ya mpira. Mpira wa asili ukikaa na gesi ya kupikia au mafuta ya taa hufura na kulegea. Ndiyo maana pete nzuri za gesi hutengenezwa kwa mpira wa naitraili, ambao huvumilia mafuta. Ziweke pete mbili mezani, moja ya naitraili na moja ya mpira wa asili: zote ni nyeusi, zote zinanyumbuka, na zikiwa mpya zote zinaziba. Tofauti hujitokeza baada ya muda. Kwa hiyo muuzaji mwaminifu anaweza kuuza pete mbaya huku akiapa kwamba ni nzuri, na siku hiyo asiwe mwongo, kwa sababu ameiona kwa macho yake inaziba.

Mifano hii miwili inaonyesha kwa nini udhibiti wa ubora hauwezi kuachiwa jicho la sokoni. Kazi hiyo lazima ifanyike kabla, kiwandani, na ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa. Mfanyakazi huwa na kipimo cha ncha mbili, moja ambayo ni lazima ipite tunduni na nyingine ambayo ni lazima ikwame. Kila baada ya idadi fulani ya vipuri huchukua vichache na kuvijaribu. Ncha ya keekee huchakaa. Kalibu ya mpira hutanuka na kuanza kuacha ukingo mwembamba pembeni mwa pete. Kiwanda chenye nidhamu hukataa kundi zima na kubadilisha kalibu. Kiwanda kinachouza kwa kilo huendelea mpaka kalibu ipasuke. Spea ya elfu moja na spea ya laki moja zimetoka kwenye kalibu moja, zina umbo linalofanana, na zitauzwa bei moja. Hakuna aliyeketi akapanga kumdanganya mtu. Kilichotokea ni kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipima ameondolewa ili gharama ipungue.

Kuna njia ya pili ambayo ubora hushukia, nayo ni nakala ya nakala. Mtengenezaji wa jiko akiacha kutoa vipuri, karakana nyingine huchukua kipuri kilichokwisha kutumika, hukipima kama kilivyo, na kutengeneza vingine kwa mfano wake. Uchakavu wa kile cha zamani unaingia kwenye vipya kama sehemu ya umbo. Sisi wa fasihi tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Anayehariri miswada ya tenzi za zamani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu hukutana na nakala zinazotofautiana: mnakili mmoja aliruka nukta, wa pili akasoma herufi isiyokuwapo, wa tatu akarekebisha kwa kubahatisha. Hakuna kati yao aliyeghushi. Kosa lilikua kwa sababu kila mmoja alinakili kilichokuwa mbele yake, na chanzo kilikuwa mbali. Spea nyingi za jiko la pampu zimepita njia hiyo hiyo. Mhariri wa mswada akikosea, atasahihishwa katika toleo lijalo. Tundu la jiko halina toleo lijalo.

Sasa tuyarudie maneno yetu mawili. Feki ni neno la maadili: linamtafuta mwongo. Orijino ni neno la nasaba: linauliza kipuri kimezaliwa na nani. Hakuna hata moja linalouliza kipuri kina ukubwa gani, kimetengenezwa kwa kitu gani, na kimejaribiwa kwa mgandamizo gani. Ndiyo maana mtu anaweza kulipia orijino iliyokauka kwenye rafu kwa miaka kumi, na mwingine akadharau pete ya kiwanda kisichojulikana ambayo ni sahihi kabisa kwa vipimo. Msamiati wa aina hii unatuliza wasiwasi wa mnunuzi bila kuugusa moto.

Historia ya jiko la pampu inaonyesha kwamba mambo yaliwahi kuwa tofauti. Jiko hilo lilibuniwa Stockholm na Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892 na likasambaa duniani kwa jina la Primus. Umaarufu wake haukutokana na moto wake mkali peke yake. Vipuri vyake vilikuwa na namba katika katalogi, na mtu aliye mbali na Sweden aliweza kuagiza kwa namba. Leo ukitaja Primus Gisenyi utaletewa chupa ya bia, maana bia ya jina hilo hutengenezwa na Bralirwa, kampuni iliyoanzia mjini hapa mwaka 1957. Tunaweza kucheka, lakini chupa hiyo ina funzo. Imeandikwa jina la aliyeitengeneza na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiikuta na kasoro unajua mlango wa kubisha. Pete inayozuia gesi isijae chumbani huchomolewa kwenye kopo lenye pete za kila namna, bila jina, bila tarehe, bila namba. Mnywaji analindwa kuliko mpishi.

Wapo watakaosema dawa ni kurudi kwenye jina la kampuni, kila jiko na spea za kampuni yake. Sikubaliani nao. Makopo madogo ya gesi ya watalii, yale ya kufunga kwa skrubu, hufuata kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 417. Kwa sababu ya kiwango hicho, kopo la kampuni moja hufungwa kwenye jiko la kampuni nyingine. Usalama hapo umebebwa na kipimo kinachojulikana na wote. Kenya nayo ilipita njia inayofanana na hiyo mwaka 2009, ilipotunga kanuni za gesi ya kupikia zilizotaka vali za mitungi zioane, ili mteja asifungwe na kampuni moja.

Hata hivyo, kuoanisha umbo kuna upande wa pili. Vali ikiwa moja kwa wote, karakana yoyote inaweza kutengeneza regulata inayoingia. Kuingia ni jambo moja, kuziba ni jambo jingine, na kuendelea kuziba baada ya mwaka ni la tatu. Kiwango kinachopima umbo kikasahau uimara humfungulia mlango yule yule asiyepimwa.

Hapa Rubavu tumewahi kuwa na jaribio linalostahili kusomwa kwa makini. Inyenyeri, neno la Kinyarwanda lenye maana ya nyota, ilikuwa kampuni iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na Mmarekani Eric Reynolds. Miongo kadhaa kabla ya hapo, Reynolds alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Marmot, kampuni ya vifaa vya kambi na milima iliyoanza mwaka 1974. Mtu wa vifaa vya kambi akaja kushughulikia moshi wa majiko ya Gisenyi. Kampuni yake ilitengeneza peleti, yaani vipande vidogo vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa. Familia iliyoweka mkataba wa kununua peleti kila mwezi ilipewa jiko la kutumia bila kulinunua. Jiko lililotumika miaka ya baadaye lilitoka kampuni ya Uholanzi na lina jina la Kiswahili, Mimi Moto. Feni yake ndogo inayotumia betri husukuma hewa ili peleti ziungue bila moshi mwingi.

Jiko lenye feni na betri lina mengi ya kuharibika kuliko mbabula. Lakini matengenezo yalikuwa juu ya kampuni, na jiko bovu lilibadilishwa bila malipo. Hapo ndipo penye uzito wa mfano huu. Jiko lilipokuwa mali ya kampuni, feni mbovu ilikuwa hasara ya kampuni, na familia isiyopika haikununua peleti. Kampuni ilikuwa na sababu ya kifedha ya kuuliza maswali ambayo mnunuzi wa pete moja hana nguvu ya kuyauliza: feni hizi ni za kundi gani, zimedumu miezi mingapi, kwa nini hizi zinakufa mapema kuliko zile? Katika mpango kama huo udhibiti wa ubora hauishii kwenye lango la kiwanda. Unafika jikoni na kurudi na majibu. Na katika jikoni hizo swali la orijino au feki halikuwa na kazi.

Lakini uhakiki wa haki hauwezi kuishia kwenye sifa. Kufikia mwisho wa mwaka 2020 Inyenyeri ilikuwa imefunga. Jiko lililoundwa kwa peleti halina kazi bila peleti, na feni iliyotengenezwa kwa jiko moja tu haipatikani kwenye kopo la muuzaji wa mtaani. Udhaifu wa mpango ule ulikuwa upande wa pili wa nguvu yake: dhamana yote iliwekwa mikononi mwa kampuni moja, na kampuni ilipoondoka, dhamana iliondoka nayo. Kwa hiyo tuna mifano miwili iliyopungukiwa. Sokoni hakuna anayejibu. Kwenye mkataba alikuwapo mmoja tu. Kinachokosekana katika yote miwili ni kipimo cha umma, ambacho hubaki hata muuzaji akifunga duka.

Kuna hoja mbili za kupinga ambazo ni lazima nizijibu. Ya kwanza husema kwamba spea ya bei ya chini ndiyo inayomwezesha mtu wa kipato kidogo kupika. Tuseme pete nzuri ina bei mara tatu ya pete mbaya, na tuseme nzuri hudumu mwaka mzima ilhali mbaya hudumu miezi miwili. Kwa mwaka mwenye pete mbaya atanunua sita, naye atakuwa amelipa mara mbili ya mwenzake, kabla hatujahesabu gesi iliyovuja. Rahisi ghali, walisema wazee. Lakini methali hiyo naikubali nusu tu, kwa sababu inamlaumu mnunuzi. Inadhani anajua ipi ni rahisi na ipi ni ghali, kisha akachagua vibaya. Pete zikiwa zote nyeusi na zimetoka kopo moja, atachagua kwa kitu gani? Mnunuzi huyu hakufanya ubahili, amenyimwa habari.

Hoja ya pili husema fundi atajua. Ni kweli fundi mzuri hupaka povu la sabuni kwenye kiungo, na akiona mapovu yanavimba anajua gesi inatoka. Ni kweli pia kwamba gesi ya kupikia hutiwa harufu kusudi pua iitambue. Mbinu hizi ni za kuheshimiwa na kila mwanafunzi aliyepanga chumba anapaswa kuzijua. Lakini povu hutambua kinachovuja leo. Kitakachovuja baada ya miezi mitatu, pete ikishalegea, halikitambui. Tumemfanya fundi awe mkaguzi wa mwisho wa kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari, bila kipimo na bila mshahara wa ukaguzi. Na ajali ikitokea, jina pekee ambalo familia inalijua ni la fundi.

Taasisi zipo. Rwanda ina RSB inayotunga viwango na kutoa alama ya ubora, na RICA inayokagua soko na kumlinda mlaji. Kenya ina KEBS, Tanzania ina TBS, Uganda ina UNBS. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, pande zote mbili za mpaka wa Gisenyi na Goma ziko ndani ya jumuiya moja. Ugumu ni wa ukubwa wa kitu chenyewe. Jiko zima lina boksi la kubandikwa alama, na mtungi una mwili wa kuchapwa namba. Pete yenye ukubwa wa sarafu, inayoweza kuvuka mpaka mfukoni mwa mtu, haina pa kuandikwa chochote.

Kwa hiyo pendekezo langu linaanzia kwenye pakiti. Spea za gesi na mafuta ziuzwe zikiwa zimefungwa katika pakiti ndogo ya karatasi yenye mambo manne: jina la mtengenezaji au mwagizaji, kitu ilichotengenezwa nacho, ukubwa wake kwa milimita, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Aliyeandikwa hapo ndiye arudishiwe mzigo mbovu. Vyuo vya ufundi viwe na vipimo vya matundu ambavyo fundi wa mtaani anaweza kwenda kuvitumia, ili hukumu yake isitegemee jicho peke yake.

Pakiti hiyo inahitaji lugha, na hapo ndipo jambo hili linapotufikia sisi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na ni lugha ambayo mfanyabiashara wa Gisenyi na wa Goma hukutana nayo mpakani. Lakini tukiulizwa leo tuandike pakiti ya tundu la kutolea gesi, tutaandika nini? Mmoja husema nozeli, mwingine husema tundu, na wa tatu huonyesha kwa kidole. Tunajadili istilahi za isimu kwa bidii, na ni vizuri. Hata hivyo kitu kisicho na jina linaloeleweka na wote hakiwezi kuagizwa, kukataliwa wala kudaiwa. Orodha ya majina ya vipuri vya jiko, iliyokusanywa kwa mafundi wenyewe wa Gisenyi, Goma, Mwanza na Nairobi, ingekuwa utafiti wa heshima kwa mwanafunzi wa Kiswahili, na ingefika mahali ambapo tasnifu nyingi hazifiki.

Wakati tukisubiri pakiti na viwango, mnunuzi ana swali jingine analoweza kuliuliza mezani, nalo halimgharimu kitu: "Ikianza kuvuja, nairudisha kwa nani?" Muuzaji asiye na jibu atalazimika kumuuliza aliyemletea, na yule naye kumuuliza aliyemletea. Mnyororo huo ukifika kwa mtu anayekubali kutaja jina lake, spea hiyo itakuwa imepata mtu wa kuijibia.